Bikila alipona haraka akashinda, lakini goti lako lisubiri

Wewe wa Kyuso uliyefanyiwa upasuaji wa goti, na kila asubuhi unazichungulia daluga zako chini ya kitanda, hebu kaa hapa kidogo. Najua kuna mtu ameshakusimulia habari za Abebe Bikila. Shida ni kwamba wengi husimulia nusu tu.

Bikila alizaliwa Ethiopia tarehe 7 Agosti 1932. Akawa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko kocha Onni Niskanen kutoka Uswidi akamnoa. Mwaka 1960 akakimbia marathoni ya Olimpiki jijini Rome, pekupeku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.

Sasa, ile nusu inayopendwa. Mwaka 1964, wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa akaondolewa kidoletumbo. Nani angemtarajia tena? Akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wa pili akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 4. Alipomaliza akaanza kunyoosha viungo uwanjani, kana kwamba ndio kwanza anajiandaa. Hakuna aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Hapo ndipo msimulizi wako hunyamaza. Mwaka 1967 mguu ulianza kumsumbua, hadi akapelekwa Ujerumani kutibiwa. Mwaka 1968 akaenda Mexico hivyo hivyo. Hata nusu ya njia hakufika, akatoka mbioni, na mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Ni Bikila yule yule, moyo ule ule. Ila mguu ulikuwa umekataa.

Ndiyo maana usijipime kwa Tokyo. Kidonda cha tumbo kinaweza kufunga kwa wiki chache. Kano ya goti ni hadithi nyingine. Mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano sehemu nyingine ya mguu wako, akakipandikiza ndani ya goti, na mwili hukijenga upya kwa miezi mingi. Maumivu huisha mapema, kano ikiwa bado changa. Huo ndio mtego: unatembea vizuri, unakimbia kidogo, unajiona uko fiti, halafu unageuka ghafla na mpira, goti linalia tena.

Tafiti zinaonyesha kwamba kati ya wanamichezo wa chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani baada ya upasuaji huu, karibu 1 kati ya 4 huumia tena, goti lile lile au la pili. Kusubiri angalau miezi 9 hupunguza hatari hiyo sana. Na miezi peke yake haitoshi: fanya mazoezi ya kuimarisha paja, kisha upimwe kama mguu uliopasuliwa unaruka na kusukuma sawa na mwenzake.

Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari, hakutembea tena. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza kwenye kiti cha magurudumu, akishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41.

Kwa hiyo wasee wakikuita Jumapili kuziba pengo la winga, nenda. Lakini kaa pembeni, ushangilie. Daluga ziache nyumbani.