Robert Smalls

Robert Smalls (5 Aprili 1839 – Februari 1915) alikuwa rubani wa meli na mwanasiasa wa Marekani kutoka jimbo la Carolina Kusini. Alizaliwa mtumwa, akapata umaarufu mwaka 1862 alipoiteka meli ya jeshi la Kusini na kuitorosha pamoja na familia yake. Baada ya vita alichaguliwa mara kadhaa kuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, kati ya miaka 1875 na 1887. Historia ya chaguzi zake inaonyesha jinsi Wamarekani Weusi, waliokuwa wengi kuliko Wazungu katika jimbo hilo, walivyonyang'anywa hatua kwa hatua nguvu ya kura waliyoipata baada ya utumwa kukomeshwa.

Maisha ya awali

Smalls alizaliwa katika mji wa Beaufort, kwenye pwani ya Carolina Kusini. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumwa katika nyumba ya familia ya McKee. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za kibarua, na sehemu kubwa ya ujira wake ilichukuliwa na bwana wake. Alikuwa mhudumu wa hoteli, mwasha taa za barabarani, mpakuzi wa shehena bandarini na mshona matanga. Kwa kufanya kazi majini aliijua vizuri bandari ya Charleston na mikondo yake.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, aliyekuwa mtumwa pia. Alikubaliana na mmiliki wa mke wake kuwanunulia uhuru mkewe na binti yao kwa dola 800, lakini hakuweza kupata fedha zote.

Kutekwa kwa meli Planter

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Smalls aliwekwa kwenye Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha na askari wa Shirikisho la Kusini. Ingawa alifanya kazi ya kuongoza meli, hakupewa cheo cha rubani kwa sababu alikuwa mtumwa.

Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wote watatu Wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls na mabaharia wenzake watumwa waliwasha mitambo na kuondoka gatini. Waliwachukua wake na watoto wao mahali walipokuwa wakisubiri, kisha wakapita mbele ya ngome za bandari. Smalls alivaa kofia ya nahodha na kupiga honi kwa alama zilizotakiwa, hivyo walinzi wakadhani ni safari ya kawaida. Baada ya kuipita ngome ya Fort Sumter alishusha bendera ya Kusini, akapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa jeshi la majini la Muungano. Pamoja na meli alileta mizinga na habari muhimu juu ya ulinzi wa Charleston.

Bunge liliamua watekaji wapewe zawadi, naye Smalls akapata dola 1,500. Alilitumikia jeshi la Muungano kama rubani, na baadaye alipewa unahodha wa Planter. Mwaka 1864, meli hiyo ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, alijifunza kusoma na kuandika. Mwaka huohuo aliinunua nyumba ya familia ya McKee katika mnada wa nyumba zilizodaiwa kodi. Mmiliki wa zamani alidai nyumba hiyo mahakamani, lakini Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Smalls ushindi mwaka 1878.

Kuingia katika siasa

Wanaume Weusi wa Kusini walipopata haki ya kupiga kura baada ya vita, Smalls alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Republican katika Carolina Kusini. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano ulioandika katiba mpya ya jimbo, ambapo alitetea kuanzishwa kwa shule za umma zisizo na ada kwa watoto wote. Kisha alikuwa mjumbe wa baraza la wawakilishi la jimbo na baadaye seneta wa jimbo. Wapiga kura wake wengi walikuwa watu walioachwa huru katika kaunti ya Beaufort na visiwa vya jirani.

Chaguzi za Bunge la Marekani

Mwaka 1874 Smalls alichaguliwa kuwa mbunge wa wilaya ya uchaguzi ya 5, akaanza kazi Machi 1875. Mwaka 1876, Baraza lilipojadili kuhamishia askari wa serikali kuu kwenye mpaka wa Texas, alitaka wale waliokuwa Carolina Kusini wasiondolewe. Pendekezo lake lilikataliwa. Katika kampeni za mwaka huo, makundi yenye silaha ya Wademocrat yaliyojulikana kama Mashati Mekundu yaliwatisha na kuwashambulia wapiga kura Weusi. Mwezi Julai wanamgambo kadhaa Weusi waliuawa katika mji wa Hamburg. Hata hivyo Smalls alimshinda George D. Tillman wa Edgefield. Tillman alipinga matokeo, lakini Smalls alibaki bungeni hadi mwisho wa muhula.

Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliacha kuilinda serikali ya Warepublican, na Wademocrat wakashika utawala wa jimbo. Mwaka huohuo Smalls alishtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea rushwa ya dola 5,000 kuhusu kazi ya uchapishaji ya serikali. Alikana shtaka, lakini alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alitoka kwa dhamana akisubiri rufaa, na mwaka 1879 gavana alimsamehe. Msamaha huo ulikuwa sehemu ya makubaliano: serikali kuu nayo iliacha kuwashtaki Wademocrat waliotuhumiwa kuvunja sheria za uchaguzi.

Akiwa bado na kesi hiyo, alishindwa na Tillman mwaka 1878. Mwaka 1880 Tillman alitangazwa tena kuwa mshindi. Safari hii Smalls alipeleka pingamizi kwenye Baraza la Wawakilishi, akieleza vitisho na udanganyifu uliofanyika vituoni. Baraza, ambalo wakati huo liliongozwa na Warepublican, lilimpa kiti tarehe 19 Julai 1882. Muhula ulikuwa umebakiza miezi isiyozidi minane.

Sheria ya masanduku manane

Mwaka 1882 Wademocrat wa jimbo walitunga sheria iliyopunguza haja ya kutumia bunduki. Kura za nafasi mbalimbali ziliwekwa katika masanduku tofauti, na karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Mtu asiyejua kusoma maandishi ya masanduku angeweza kupoteza kura yake bila kujua. Watu wengi waliotoka utumwani hawakujua kusoma, kwa kuwa watumwa walikatazwa kufundishwa.

Mipaka ya wilaya pia ilichorwa upya. Wapiga kura Weusi wengi walikusanywa katika wilaya moja ya 7 yenye umbo refu la ajabu, ili Wademocrat washinde kwa urahisi katika wilaya nyingine. Chama cha Republican kilimteua Edmund Mackey kugombea huko, naye akashinda. Mackey alipofariki Januari 1884, Smalls alichaguliwa kujaza nafasi yake, na Novemba mwaka huo akashinda muhula kamili dhidi ya William Elliott. Mwaka 1886 Elliott alitangazwa mshindi. Smalls alipinga tena, lakini Baraza lilikuwa mikononi mwa Wademocrat na pingamizi lake likakataliwa.

Katiba ya 1895 na miaka ya mwisho

Mwaka 1895 Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe sita tu Weusi katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo. Mkutano huo ulisukumwa na Benjamin Tillman, mdogo wake George Tillman, aliyetaka waziwazi kuwaondoa Weusi katika upigaji kura. Katiba hiyo ilimtaka mpiga kura awe amelipa kodi, na aweze kusoma na kuandika au awe na mali ya dola 300. Smalls aliipinga mkutanoni na akakataa kuitia sahihi.

Kati ya 1889 na 1913 alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha Beaufort, isipokuwa miaka michache katikati. Alifariki katika nyumba yake mjini humo, akazikwa kwenye kanisa la Tabernacle Baptist.

Urithi

Nyumba yake imehifadhiwa kama alama ya kihistoria ya taifa, na mwaka 2023 manowari moja ya Marekani ilipewa jina lake. Mbunge Mweusi wa mwisho wa Carolina Kusini katika zama zile, George W. Murray, aliondoka bungeni mwaka 1897. Jimbo hilo halikumchagua mwingine hadi James Clyburn aliposhinda uchaguzi wa mwaka 1992.