Robert Goldschmidt, mtu aliyeleta TSF mpaka Kisangani

Kisangani – Ukitoka mujini na kufuata barabara ya zamani ya Buta, unafika Masako, pale ambapo pori la akiba na mto Tshopo vinakaribiana. Kwa watu wa upande huo, kama vile kwa wengi wa Tshopo, radio mupya ni kitu cha bei kali. Mtu ananunua ya okazioni, anaipeleka kwa fundi, anabadilisha waya zilizoliwa na kutu, anatia mawe mapya na kusikia habari tena. Unyevu wa pori na radi vinaharibu, fundi anatengeneza. Mapambano hayo yalianza Kisangani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mtu mumoja aliyeyaanzisha ni Robert Goldschmidt.

Goldschmidt alizaliwa Bruxelles, Ubelgiji, mwaka wa 1877. Alikuwa mwanasayansi mwenye mali, na mikono yake haikutulia. Mwaka wa 1906, pamoja na Paul Otlet, alitoa wazo la kupiga kurasa za kitabu picha ndogo sana ili maktaba nzima iingie ndani ya sanduku. Mwaka wa 1909 chombo chake cha kuruka angani, La Belgique, kilipaa. Ni nyumbani kwake ambako tajiri Ernest Solvay alikutana na Walther Nernst, na kutokana na kukutana huko kukazaliwa mkutano mkubwa wa wanafizikia wa mwaka wa 1911, ambao Marie Curie na Albert Einstein walihuzuria.

Lakini kwa Wakongomani kazi yake kubwa ni TSF, yaani telegrafu isiyo na waya. Wakati ule koloni ilikuwa na shida ya mawasiliano. Waya za telegrafu zilipita porini, miti ikaziangukia, tembo wakaangusha nguzo. Barua kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ilihitaji wiki nyingi kabla ya kufika Ulaya. Goldschmidt alimushawishi Mfalme Albert wa Kwanza kwamba mawimbi ya radio yangeweza kuruka juu ya pori lote. Mfalme akakubali, na kuanzia mwaka wa 1911 ujumbe wa mafundi ulitumwa Kongo.

Vyombo vilipita njia ndefu. Kutoka Matadi vilipanda treni mpaka Leopoldville, halafu mashua ya moshi kwa zaidi ya kilometa 1.700 kufika Stanleyville. Hapo maporomoko yanafunga mto, basi vya kwenda mbele vikapanda tena treni mpaka Ponthierville (Ubundu), kisha mashua hadi Kindu. Pahali ambapo hapakuwa treni wala mashua, mizigo ilibebwa na Wakongomani, na majina yao hayakubaki katika vitabu kama lake. Kufika mwaka wa 1913 kulikuwa vituo Boma, Coquilhatville (Mbandaka), Lisala, Stanleyville, Lowa, Kindu, Kongolo na kwingine, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Ni haki kusema kwamba nguzo hizo zilisimamishwa kwa faida ya utawala wa kikoloni kwanza. Mwanakijiji hakuwa na kitu cha kupokea ndani yake.

TSF ya wakati ule haikuwa na taa za radio, wala transista. Umeme wenye nguvu ulikusanywa ndani ya vyombo vya kioo, ukaruka kati ya vipande viwili vya chuma kwa cheche na kishindo, na cheche hizo zilitoa mawimbi. Kila kuruka kulikula chuma kidogo, kwa hiyo fundi alipashwa kukisugua au kukibadilisha. Kioo kilipasuka. Unyevu ulipenya na umeme ukatoroka mahali pasipofaa. Kwa kupokea, mtumishi alivaa visikizio masikioni na kutafuta kwa ncha ya waya pahali pazuri juu ya jiwe la galena. Jioni, ngurumo za mvua ya ikweta zilifunika alama zote. Kipuri kilichoagizwa Ulaya kilikuwa mbali sana, basi mafundi walipashwa kujua kurekebisha walichonacho.

Upande wa Ulaya Goldschmidt alijenga kituo kikubwa Laeken, karibu na jumba la mfalme, ili kisemezane na Boma moja kwa moja. Na huko kukatokea jambo ambalo halikuwa lengo la kituo: tarehe 28 mwezi wa tatu 1914, mtambo wa kusemezana na Kongo ulipeleka muziki hewani, kwa heshima ya Malkia Elisabeth. Ni kati ya matangazo ya kwanza ya muziki kwa radio katika Ulaya. Yeyote aliyekuwa na chombo cha kupokea, hata cha kujitengenezea, aliweza kusikiliza.

Furaha haikudumu. Mwezi wa nane mwaka uleule, Wajerumani wakikaribia Bruxelles, Wabelgiji wenyewe waliharibu kituo cha Laeken ili kisianguke mikononi mwa adui. Kazi ya miaka iliisha kwa siku moja. Vile vya Kongo, vidogo na vya mbali, vilibaki vimesimama.

Nyuma ya vita, taa za radio zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi ziliuzwa kwa bei ya chini huko Ulaya, na vijana wapenda radio wakazinunua na kuunda mashine zao. Ni okazioni iliyowafanya wengi kuwa mafundi. Goldschmidt naye hakuacha: alikuwa kati ya waanzilishi wa kampuni SBR, ya mwaka wa 1922, ambayo ilizaa kituo cha Radio-Belgique mwaka uliofuata. Wazo lake la vitabu vidogo pia alilirudilia na Otlet mwaka wa 1925. Alifariki mwaka wa 1935, wakati ambapo mitambo ya cheche ilikuwa imekwisha kuacha nafasi kwa ile ya taa na mawimbi mafupi.