Dokta Percy Julian, Mkemia Aliyenyimwa Nafasi

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunaopenda kemia tunatamani siku moja kupata shahada ya udaktari. Napenda kuwaeleza habari za mtu aliyengoja miaka 11 tangu alipomaliza chuo mpaka alipoipata.

Percy Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1899, mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani. Babu yake, aliyekuwa mtumwa, alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika.

Mwaka 1916 Julian aliingia Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana. Kwa kuwa shule za watu weusi hazikumtayarisha vya kutosha, ilimbidi asome masomo ya chuo pamoja na yale ya sekondari. Ili apate riziki aliwaandalia wanafunzi Wazungu chakula mezani. Hata hivyo, mwaka 1920 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mwaka 1923 alipata shahada ya pili kule Harvard. Watafutao udaktari hupewa kazi ya kufundisha wanafunzi wadogo, wapate fedha za kuendelea. Julian alinyimwa kazi hiyo, kwa hofu kwamba Wazungu hawatakubali kufundishwa na mtu mweusi. Akaondoka, akafundisha katika vyuo vya watu weusi. Mwaka 1929 alipata msaada wa fedha za Rockefeller, akavuka bahari mpaka Vienna, Austria, kusoma kwa Profesa Ernst Späth, bingwa wa dawa zilizomo katika mimea. Mwaka 1931 akapewa udaktari.

Kazi iliyomtangaza ilihusu maharagwe yenye sumu ya Calabar, Nigeria. Zamani watu walioshukiwa uchawi huko walilishwa maharagwe hayo kama kiapo. Baadaye madaktari waliitumia sumu hiyo, iitwayo fizostigmini, kidogo kidogo kutibu ugonjwa wa macho wa glakoma. Mwaka 1935 Julian na mwenzake Josef Pikl waliiunda katika maabara, hatua kwa hatua, bila kutumia harage hata moja. Profesa Robert Robinson wa Oxford, mkemia mwenye sifa kubwa, alikuwa ametangaza matokeo tofauti. Julian alipima joto la kuyeyukia, akaonyesha kwamba kitu chake ndicho kilicholingana na kile cha asili.

Baadaye, akiwa na kazi katika kiwanda cha Chicago, alitengeneza homoni kutokana na mafuta ya soya. Mwaka 1950 nyumba yake ya Oak Park ilitiwa moto, na mwaka 1951 ikatupiwa baruti, yeye hakuhama. Mwaka 1973 akawa mkemia mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza kuu la wanasayansi wa Marekani. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1975.

Basi, ndugu zangu, tukikataliwa na chuo kimoja, tuandike barua kwa kingine, na wakati tunapongoja jibu tusiache kusoma. Penye nia pana njia, ingawa njia ya Julian ilipitia Vienna.