Marconi, mtu aliyetaka mawimbi yawe yake peke

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, inchi ya Italia, mwaka wa 1874. Baba yake alikuwa mwenye mashamba, mama yake mtu wa Ireland, wa ukoo wa Jameson, wale wa wiski. Akiwa na miaka 21 tu alituma alama za telegrafu bila waya mpaka nyuma ya kilima karibu na kwao. Mwaka wa 1897 alikuwa tayari na kampuni London, na mwaka wa 1901 alama zake zikavuka Atlantika.

Hayo watu wanayajua. Kisichosemwa sana ni namna kampuni ile ilifanya biashara. Haikuuza mashini: iliikodisha kwa wenye meli, pamoja na mfanyakazi wa kuitumia. Na mfanyakazi yule alikatazwa kujibu meli yenye mashini ya kampuni ingine, isipokuwa kukiwa hatari. Ni kama leo mtandao mmoja ungekatalia simu zote za mtandao mwingine.

Mwaka wa 1902 Prince Heinrich, ndugu ya Kaisari wa Ujerumani, alikuwa anarudi kutoka Marekani ndani ya meli Deutschland. Alitaka kumshukuru Rais Roosevelt. Mashini ya meli ilikuwa ya Wajerumani, basi vituo vya Marconi vikanyamaza kimya. Kaisari alikasirika kweli. Ujerumani ikaita mkutano Berlin mwaka wa 1903, kiisha mwingine mwaka wa 1906, na inchi 27 zikatia sahihi: kituo cha pwani kipokee kila meli, bila kuuliza mashini ni ya nani. Hapo pia walipanga mawimbi ya mita 300 na 600 kwa ajili ya watu wote, na alama ya SOS.

Marconi alipinga. Tusimwonee: vituo alivijenga kwa feza zake, na sasa wengine wangepita bure. Lakini baada ya Titanic kuzama mwezi wa 4, 1912, mkutano wa London ulilazimisha hata meli kwa meli kujibizana.

Kazi ile inaendelea leo ndani ya ITU, kule Geneva. Ndiyo sababu telefone iliyonunuliwa Goma inashika mtandao hata Kampala.

Marconi alikufa Roma tarehe 20/7/1937. Vituo vya redio, vyake na vya wengine, vikanyamaza dakika mbili.