Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyejifungia katika chumba cha umeme

Taa zinazowaka Jinja na Mbale zina deni kwa mtu ambaye hakufika Afrika. Mitambo ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954 na leo linaitwa Nalubaale, huzalisha umeme kwa njia aliyoigundua yeye mwaka 1831.

Michael Faraday alizaliwa Uingereza tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyovishona. Mwaka 1813 mwanasayansi Humphry Davy alimchukua awe msaidizi wake huko London.

Mwaka 1836 Faraday alijenga chumba chenye futi 12 kila upande, akakifunika chote kwa metali. Akaingia ndani na vipimo vyake. Nje, mashine ilirusha cheche kubwa kwenye kuta. Ndani, vipimo havikuonyesha kitu. Akathibitisha kwamba umeme uliotulia hukaa kwenye uso wa nje wa metali, na ndani nguvu yake haipo. Penye ncha kali, nguvu hiyo huwa kubwa zaidi.

Alikuwa mzee wa kanisa dogo la Wasandemani, akaishi bila makuu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Kwa nini tunamkumbuka sisi wakimbizi? Tarehe 2 Novemba 2024, radi iliua watu 14 waliokusanyika kwa maombi katika makazi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Tusidanganyike: paa la bati juu ya nguzo za miti si chumba cha Faraday, maana metali haituzunguki wala haifiki ardhini. Bali basi lililofungwa madirisha, kama yale ya kutoka Jinja kwenda Mbale, linakaribia chumba hicho. Kinachokinga ni bodi ya chuma, wala si matairi.

Basi, ngurumo zikianza, tusisimame chini ya mti. Na tunapochangia ujenzi wa kanisa, tuweke pia fedha za kinga ya radi: fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene unaoshuka mpaka ardhini. Watoto wetu ndio wanaokaa chini ya mabati hayo.