Tafakuri ya leo: Al-Razi na chungu chake



Leo ukifunua sufuria ya uji wa futari, tazama matone kwenye kifuniko. Mvuke umepanda, umepoa, umekuwa maji tena. Huko ndiko kukeneka, na Abu Bakr Muhammad ibn Zakariyya al-Razi alikaa nako miaka mingi.

Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, mnamo mwaka 251 Hijria (865). Wengi tunamjua kwa utabibu: alisimamia hospitali Rayy na Baghdad, na aliandika namna ya kutofautisha ndui na surua. Lakini hebu tuingie karakana yake. Katika Kitab al-Asrar anataja vyombo: qar', chungu cha kuchemshia, juu yake anbiq, kifuniko chenye mdomo, na qabila, chupa ya kupokelea. Sasa angalia tofauti. Ukikeneka waridi, unatoa harufu iliyokuwamo tayari. Yeye alitia hata nywele, akapata nushadir, chumvi yenye amonia. Hiyo haikuwamo! Moto uliigeuza nywele, na kilichozaliwa kikapanda palepale. Kugeuza na kutenganisha, chombo kimoja, moto mmoja.

Faida yake? Asidi ya siki ikikutana na methanoli huzaa kitu kipya pamoja na maji, kisha maji yale huanza kukivunja tena, kazi inakwama katikati. Lakini ukikiondoa kila kinapozaliwa, mmenyuko husonga mbele. Miaka ya 1980 kampuni ya Eastman huko Tennessee, Marekani, iliifanya kazi hiyo ndani ya mnara mmoja badala ya msururu wa mitambo. Al-Razi hakuujua mnara huo, tusimvishe kanzu isiyo yake. Chungu tu ndicho kinachofanana.

Mali hakuijali sana. Wanahistoria wanamtaja kuwa mpole kwa maskini, akiwatibu na kuwapa posho. Ila mwili wake hakuuhurumia: aliandika usiku na mchana mpaka mkono ukalegea na macho yakafifia. Wengine wanalaumu moshi wa karakana, wengine kula kunde. Husimuliwa kwamba tabibu alikuja kumpasua jicho, naye akamuuliza lina tabaka ngapi. Jamaa hakujua. Al-Razi akakataa asiguswe.

Alifariki akiwa kipofu mwaka 313 Hijria (925), hapo hapo Rayy. Daftari zake zikakusanywa na wanafunzi, zikawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, ambacho yeye mwenyewe hakukiona.