Charles Darwin: Kijana aliyekusanya vumbi la Afrika katikati ya bahari

Wengi wanamjua Charles Darwin kwa kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya viumbe, kitabu kilichozua ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Wachache wanajua kwamba kati ya vitu vya kwanza kabisa alivyokusanya kwenye safari yake maarufu, kimoja hakikuwa ndege wala mfupa. Lilikuwa vumbi, na lilitoka Afrika.

Aliyeshindwa udaktari

Darwin alizaliwa Februari 12, 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert, alikuwa daktari mwenye uwezo, akampeleka Edinburgh akasomee kazi hiyohiyo. Ikamshinda. Enzi hizo upasuaji ulifanyika bila dawa ya ganzi, na kijana hakuweza kuvumilia kutazama.

Mzee akaja na mpango wa pili: mwanawe akasome Cambridge, awe mchungaji. Alimaliza masomo 1831, ila akili yake ilikuwa kwenye wadudu na mawe.

Mwaka huohuo ikatokea nafasi ya kuzunguka dunia na meli ya HMS Beagle, bila mshahara. Baba akakataa. Ni mjomba wake, Josiah Wedgwood, aliyemsemea mpaka mzee akalegeza na kukubali kulipa gharama.

Utusitusi usio wa mvua

Beagle iliondoka Uingereza Desemba 27, 1831. Darwin alikuwa na miaka 22, na kichefuchefu cha bahari kilimtesa kwelikweli.

Januari 16, 1832 meli ilitia nanga Praia, katika visiwa vya Cape Verde, magharibi mwa Senegal. Hewa ilikuwa na utusitusi. Kumbe halikuwa wingu, lilikuwa vumbi laini mno la rangi ya kahawia, lililoharibu kidogo hata vyombo vya kutazamia nyota.

Juu ya mlingoti kulikuwa na kionyesha upepo chenye kitambaa cha matundu madogo, mfano wa chandarua. Upepo ulipopenya hapo, vumbi likanasa. Darwin akalitia kwenye pakiti ndogo, akalihifadhi.

Kwa mabaharia, vumbi hilo lilikuwa kero tupu. Lilichafua kila kitu melini na kuumiza macho. Kuna meli zilizokwama ufukweni kwa sababu mbele hakuonekani.

Limetoka wapi?

Darwin alirudi nyumbani Oktoba 1836. Pakiti yake, pamoja na nyingine nne alizopewa na mwanajiolojia Charles Lyell, zilifika Berlin kwa Christian Gottfried Ehrenberg, bingwa wa hadubini wa zama hizo.

Ndani ya pakiti hizo tano Ehrenberg alihesabu aina 67 za viumbe wadogo na mabaki ya mimea. Cha ajabu, viumbe hao karibu wote walikuwa wa maji baridi, yaani ya maziwa na mito. Aina mbili tu ndizo zilikuwa za baharini.

Hapo utata ukaanza. Ehrenberg aliwahi kusafiri Misri na Sudan, na viumbe wengi wa Afrika aliwajua. Katika vumbi la Darwin hakumwona hata mmoja kati ya wale aliojua wanapatikana Afrika peke yake. Badala yake aliona aina mbili ambazo yeye alizijua kutoka Amerika Kusini tu.

Darwin hakuyumba. Alipekua taarifa za wasafiri akapata 15 za vumbi lililoangukia meli zikiwa mbali baharini. Akaangalia upepo ulivumia wapi na ilikuwa miezi gani. Vyote vilielekea Afrika, tena msimu wa harmattan, upepo mkavu unaovuma kutoka Sahara. Baadhi ya meli zilikuwa zaidi ya kilomita 1,600 kutoka pwani ya Afrika.

Aliona pia kwamba vumbi lililookotwa kilomita 480 hivi kutoka nchi kavu lilikuwa na chembe za mawe. Akajiuliza: kama upepo unabeba jiwe, utashindwaje kubeba mbegu ndogo za kuvu na kuvumwani? Hoja zake zilichapishwa 1846.

Subira ya miaka 29

Swali la jinsi uhai unavyovuka bahari halikumtoka. Nyumbani kwake Down, Kent, aliloweka mbegu kwenye maji ya chumvi aone kama zitaota. Aliugua mara kwa mara, na mwaka 1851 alimzika binti yake Annie, aliyekuwa na miaka 10. Kazi iliendelea.

Mwaka 1842 alimwaga chokaa shambani. Akasubiri miaka 29, kisha akachimba kupima minyoo imeifukia kina gani. Jibu lilikuwa sentimita 18 hivi. Kitabu chake cha mwisho, cha 1881, kilihusu minyoo hiyo. Alifariki Aprili 19, 1882 akiwa na miaka 73, akazikwa Westminster Abbey, London.

Satelaiti zampa haki

Miaka ya 1960 wanasayansi walitundika nyavu za nailoni kisiwani Barbados kunasa vumbi la Sahara, njia isiyo mbali na ile ya mlingoti wa Beagle. Mwaka 2015, watafiti waliotumia satelaiti ya NASA walikadiria kuwa tani milioni 182 huondoka Afrika kila mwaka kuelekea Atlantiki. Karibu tani milioni 28 huangukia msitu wa Amazon zikiwa na fosforasi, mbolea inayofidia ile inayosombwa na mvua.

Na wale viumbe wa maji baridi? Chanzo kimojawapo kikubwa cha vumbi hilo ni Bodélé, nchini Chad. Leo ni jangwa, lakini zamani lilikuwa ziwa, na udongo wake umejaa mabaki ya viumbe wa ziwani.

Mwaka 2007, watafiti waliochunguza vumbi la zama za Darwin lililotunzwa Berlin walichapisha matokeo yao. Ndani yake walikuta vijidudu. Walipovipa chakula maabara, baadhi vilianza kukua tena.